Maswali ya Wasomaji: Ugonjwa wa Mwinuko na Safari za Milimani

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na Mwenge wa Uhuru kwenye kilele cha Kilimanjaro, na tangu hapo mwezi wa Desemba umekuwa mwezi ambao Watanzania wengi hutamani kukifikia kilele hicho kwa miguu yao wenyewe. Barua zinazohusu safari hiyo zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyonayo, na karibu zote zinagusa jambo moja: ugonjwa unaompata mtu anayepanda juu haraka kuliko mwili wake unavyoweza kuzoea. Tumechagua saba, ikiwemo moja ya Mlima Kenya, na kuzifupisha.

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni kijana wa miaka 27. Wafanyakazi wa ofisi yetu tunapanga kupanda Kilimanjaro mwezi Desemba kwa njia ya Marangu. Kampuni imetupa bei mbili, ya siku tano na ya siku sita, na wengi wetu tunapendelea ya siku tano kwa kuwa ni nafuu. Mimi hucheza mpira na hukimbia kila wiki, sijaugua muda mrefu. Kwa mtu mwenye mazoezi kama mimi, siku ya sita ina faida gani? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Marahaba, kijana. Lipeni siku ya sita, na kama mfuko unaruhusu tafuteni njia yenye siku saba au nane. Nitaeleza sababu kwa kirefu, kwa maana hapa ndipo safari nyingi huharibikia, tena kabla watu hawajafika hata getini.

Hewa ya kileleni ina sehemu ile ile ya oksijeni kama hewa ya Tanga, takriban asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Katika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo huo ni karibu nusu ya ule wa pwani, na kwa hiyo kila pumzi unayovuta inaingiza mwilini karibu nusu tu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili una namna zake za kukabiliana na upungufu huo: unapumua kwa kasi zaidi na kwa kina zaidi, moyo unapiga haraka, na figo zinabadilisha kemia ya damu ili upumuaji huo wa kasi uweze kuendelea hata ukiwa usingizini. Kazi hiyo ya figo huchukua siku kadhaa, na kuongezeka kwa chembe nyekundu za damu huchukua wiki. Mazoezi ya mpira hayaiharakishi hata kidogo. Mazoezi yatakusaidia miguu isichoke na siku zikawa nyepesi, na hilo ni jema, lakini hayakukingi na ugonjwa wa mwinuko. Isitoshe, vijana wenye nguvu ndio wanaotangulia mbele ya mwongozaji, wakafika kambini saa mbili kabla ya wenzao, na jioni wakashindwa kula.

Sasa tazama ratiba yenyewe. Wataalamu wa tiba ya milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne upate siku ya kulala pale pale ulipolala jana. Katika njia ya Marangu, usiku wa kwanza unalala Mandara, takriban mita 2,700; wa pili Horombo, takriban 3,700; wa tatu Kibo, takriban 4,700; na usiku huo huo, karibu na saa sita, mnaamshwa kuanza kupanda kileleni, mita nyingine karibu 1,200. Kila hatua ni kiasi cha mara mbili ya kile mwili unachoweza kukipokea kwa utulivu. Siku ya sita inaongeza usiku wa pili Horombo. Mchana wa siku hiyo mnapanda taratibu hadi kwenye miamba ya Zebra Rocks na kuendelea kidogo kuelekea Mawenzi, kisha mnarudi kulala chini. Ratiba inabaki kuwa ya haraka, siwezi kukudanganya, ila usiku ule mmoja unatofautisha sana watu wanaofika Kibo wakiwa na hamu ya chakula na wale wanaofika wakiwa wamejiinamia.

Njia ya Machame inatumia kanuni hiyo hiyo kwa namna nyingine. Mnapanda mchana hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, mnakula chakula cha mchana pale kichwa kikiwa kimeanza kugonga, kisha mnateremka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Anayechukua siku saba kwa njia hiyo hulala pia kambi ya Karanga kabla ya ile ya Barafu, badala ya kuunganisha moja kwa moja. Njia ya Lemosho, kwa siku nane, ni ya upole zaidi. Fedha mnazookoa kwa kukata siku ndizo zinazowarudisha watu njiani wakiwa wamekwisha kulipia kila kitu kingine, na hilo ndilo lingenitosha kuwashawishi wenzako ofisini hata kama afya isingekuwa hoja.

Jambo jingine ni dalili. Ugonjwa wa kawaida wa mwinuko huanza saa sita hadi kumi na mbili baada ya kufika mahali papya, wakati mwingine siku inayofuata. Kichwa kinauma, na pamoja nacho kichefuchefu au kukosa hamu ya chakula, uchovu usiolingana na kazi uliyofanya, au kizunguzungu. Mtu hujisikia kama aliyeamka baada ya kulewa. Kanuni ninayomshikisha kila anayeniuliza ni kwamba ukiumwa kichwa mlimani na una mojawapo ya dalili hizo, uhesabu kuwa ni mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo, hata kama unaamini ni jua au ni maharage ya mchana. Mtu mwenye dalili hizo asipande kulala juu zaidi. Alale pale pale, anywe maji, ale kidogo kidogo, ameze dawa ya maumivu kama parasetamoli au ibuprofeni; zikiisha kabisa, aendelee; zikizidi, ateremke. Usingizi wa mang'amung'amu na kupumua kwa vipindi, ambapo mtu huacha kupumua kwa sekunde kumi hivi halafu akavuta pumzi ndefu ya ghafla, ni jambo la kawaida huko juu na peke yake si hatari, ijapokuwa linamtisha sana anayelala kitanda cha pili.

Swali: Daktari, nimeambiwa ninunue Diamox kwenye duka la dawa na nianze kumeza nikifika getini. Wengine wananionya kuwa dawa hiyo inaficha ugonjwa na mtu anaanguka ghafla. Ukweli ni upi? (Mwalimu, Dodoma)

Jibu: Mwalimu, Diamox ni jina la kibiashara la asetazolamidi, na waliokuonya wameichanganya na dawa nyingine. Asetazolamidi huzifanya figo zitoe baikaboneti kwa wingi, damu inaelekea kidogo kwenye asidi, na ubongo unapata amri ya kupumua zaidi. Hiyo ndiyo kazi ambayo mwili ungeifanya wenyewe kwa siku kadhaa, dawa inaiharakisha. Kwa kuwa inasaidia kuzoea kwenyewe, haifichi dalili: ukiumwa kichwa huku unaimeza, basi unaumwa kweli, na kanuni ya kutopanda inabaki vile vile. Dawa inayoweza kuficha ni deksamethasoni, ambayo hupunguza dalili bila kumsaidia mtu kuzoea, na ikiachwa ghafla mtu akiwa bado juu dalili zinaweza kurudi kwa nguvu. Hiyo iachwe kwenye mkoba wa dharura wa mwongozaji.

Kipimo cha kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni. Vidonge vingi vinavyouzwa ni vya 250, kwa hiyo ni nusu kidonge kila mara. Ni bora kuanza siku moja kabla ya kupanda kuliko kungoja geti, na huachwa mnapoanza kuteremka. Vidole na midomo vitafanya ganzi na kuchonyota, utakojoa mara nyingi, na soda itakuwa na ladha mbovu. Hayo ni ya kawaida. Mtu mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito, au aliyewahi kupata mzio mkali wa dawa za jamii ya salfa asiimeze kabla ya kuonana na daktari wake ana kwa ana, na kila mtu aijaribu nyumbani kwa siku mbili wiki chache kabla ya safari, ili kama haimpatani alijue hilo akiwa karibu na zahanati.

Lakini dawa hii haichukui nafasi ya siku. Nimeona ratiba za siku tano zikiuzwa kwa maelezo kwamba "mtapewa Diamox", na hilo linanikera, kwa sababu muuzaji anamhamishia mteja hatari ambayo yeye mwenyewe ameitengeneza.

Swali: Hujambo Daktari. Mwezi Februari tulipanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru. Tulitoka Nairobi asubuhi tukalala Met Station, siku ya pili tukafika kambi ya Mackinder. Usiku mwenzetu aliumwa kichwa na kutapika, na kabla ya alfajiri alikuwa akipepesuka na kujibu maswali ovyo. Wengi tulisema aachwe alale mpaka kupambazuke. Mwongozaji alikataa, akamteremsha gizani pamoja na mpagazi mmoja. Walipofika Met Station alikuwa anaongea vizuri. Je, tungemwacha alale ingekuwaje? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Sijambo, na nashukuru kwamba mwenzenu yu hai. Mwongozaji wenu alifanya jambo sahihi kabisa na kwa wakati sahihi. Mkipata nafasi mwambieni hivyo.

Alichokuwa nacho mwenzenu, kwa maelezo yako, ni ubongo kuvimba kwa sababu ya mwinuko. Ubongo ukishavimba, anayeachwa alale anaweza kuingia kwenye usingizi wa kupoteza fahamu asiamke tena. Dalili inayoutofautisha na maumivu ya kawaida ya kichwa ni miguu na akili. Mwombe mgonjwa atembee hatua kama kumi kwenye mstari ulionyooka, kila mara kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Mtu aliyechoka sana bado anaweza kufanya hivyo, polepole, akinung'unika. Mwenye ubongo uliovimba atayumba, ataweka mguu pembeni ili asianguke, au atasimama katikati akisahau alichoambiwa. Muulize pia ni siku gani, alikula nini jioni, na kambi inaitwaje. Mtu mpole aliyegeuka mkali ghafla, au mcheshi aliyejifungia ndani ya hema na hataki kujibu, naye apimwe hivyo hivyo.

Kuna ndugu wa ugonjwa huo, nao ni maji kwenye mapafu. Huo unaweza kumpata mtu ambaye hata hakuumwa kichwa, mara nyingi usiku wa pili hadi wa nne tangu afike juu. Kwanza anaanza kubaki nyuma njiani pasipo sababu. Kisha anakohoa kikohozi kikavu, na anapofika kambini na kuketi, pumzi haimrudii kama inavyowarudia wenzake. Hapo ndipo pa kushtuka: kuhema mtu akiwa ameketi. Ukiweka sikio mgongoni kwake unaweza kusikia mchakacho. Baadaye midomo na kucha hugeuka rangi ya samawati, na makohozi huwa na povu la rangi ya waridi, na kufikia hatua hiyo zimebaki saa chache. Baridi kali na kujichosha huuongeza, na katika milima yetu huu unaua haraka kuliko ule wa ubongo.

Tiba ya yote mawili ni kuteremka, mara moja, iwe mchana au usiku, angalau mita 300 na ikiwezekana 1,000. Mgonjwa asiachwe kuteremka peke yake, na mwenye maji mapafuni abebwe ikiwezekana, kwa kuwa kutembea kunamzidishia. Oksijeni ya mtungi, deksamethasoni kwa ubongo (miligramu 8 kwanza, kisha 4 kila baada ya saa sita) na nifedipini ya kutolewa polepole kwa mapafu husaidia kumfikisha chini, na baadhi ya misafara hubeba mfuko maalumu wa kuongeza mgandamizo wa hewa ambamo mgonjwa hulazwa na kupulizwa hewa kwa pampu ya mguu. Vitu hivyo vyote hununua muda. Hakuna hata kimoja kinachomruhusu mgonjwa abaki pale alipo wakati njia ya kuteremka iko wazi.

Nawaonya wapandaji wa Mlima Kenya kwa namna ya pekee. Njia ya Naro Moru inamwezesha mtu kufika Met Station, mita 3,050, kwa gari, na siku inayofuata kulala Mackinder, takriban 4,200, kisha alfajiri ya tatu kukanyaga kilele cha Lenana, mita 4,985. Watu wanaudharau mlima huo kwa kuwa ni mfupi kuliko Kilimanjaro, wakati kasi yake inaweza kuwa kubwa zaidi. Kaeni usiku mmoja wa ziada kwenye Met Station, au pandeni kwa njia ya Sirimon na mlale kambi ya Old Moses siku mbili.

Swali: Je, ni kweli kuwa kitunguu saumu, tangawizi na kunywa maji lita sita kwa siku kunazuia ugonjwa huu? (Msomaji, Unguja)

Jibu: Chai ya tangawizi inatuliza kichefuchefu na inampa mtu moto, kwa hiyo inywe. Supu ya kitunguu saumu ni tamu. Hakuna kati ya hizo iliyothibitishwa kuzuia ugonjwa wa mwinuko. Maji nayo ni ya lazima kwa kuwa hewa ya juu ni kavu na upumuaji wa kasi unayamaliza, na mtu aliyekaukiwa huumwa kichwa kile kile kinachotuchanganya. Kunywa mpaka mkojo uwe mwepesi rangi inatosha. Lita sita za kulazimisha zinaweza kushusha chumvi ya damu kiasi cha kumletea mtu kutapika na kuchanganyikiwa, tukadhani ni mlima. Pombe na dawa za usingizi ziachwe kabisa hadi mrudi chini.

Swali: Daktari, mwanangu wa kwanza ana miaka 18 na shule yao inapanga safari ya Kilimanjaro. Mdogo wake ana ugonjwa wa selimundu. Mkubwa ni mzima kabisa, hajawahi kulazwa. Je, kuna jambo la kuangalia? (Mama, Mwanza)

Jibu: Lipo, mama, na ninafurahi kwamba umeuliza kabla ya safari, maana ni jambo ambalo fomu nyingi za afya haziliulizi, nasi tunaishi katika nchi na ukanda ambao selimundu ni jambo la nyumba nyingi.

Mtoto mwenye selimundu kamili amerithi kinasaba kimoja kwa baba na kimoja kwa mama. Ikiwa wewe na baba yao nyote ni wabebaji wasioumwa, yaani wenye kinasaba kimoja tu, basi kwa kila mtoto wenu asiye mgonjwa kuna nafasi mbili kati ya tatu kwamba naye ni mbebaji. Wabebaji huishi maisha ya kawaida, na wengi wamepanda milima wakarudi salama. Hata hivyo oksijeni ikipungua sana, chembe zao nyekundu zinaweza kuchukua umbo la mundu na kuziba mishipa ya wengu, yaani bandama. Hilo linapotokea, maumivu makali huanza upande wa kushoto chini ya mbavu, wakati mwingine na kutapika, na mwongozaji asiyejua historia ya kijana atadhani ni tumbo la kawaida.

Mpeleke akapimwe aina ya himoglobini. Kipimo hicho kinafanyika katika hospitali kubwa kama Bugando. Akikutwa si mbebaji, aende kama wengine. Akikutwa ni mbebaji, kupanda au kutopanda ni uamuzi wenu pamoja na daktari anayemfahamu. Mkiamua aende, iwe kwa ratiba ndefu, asikose maji, asijichoshe kwa mashindano na wenzake, na mwalimu pamoja na mwongozaji waandikiwe barua inayosema wazi kwamba maumivu ya ubavu wa kushoto yanamaanisha kuteremka papo hapo na kwenda hospitali. Mdogo wake, kwa upande mwingine, asipelekwe katika mwinuko huo kwa hali yoyote.

Swali: Mimi ni mpagazi, au mgumu kama tunavyoitwa huku mlimani, kwa muda sasa. Safari iliyopita niliumwa kichwa Barafu mpaka machozi yananitoka, lakini sikusema kwa sababu aliyeteremshwa safari ya kabla yangu hakuitwa tena. Watu wanasema sisi wa Kilimanjaro tumezaliwa na mlima, hatuugui. Ni kweli? (Mpagazi, Moshi Vijijini)

Jibu: Ndugu yangu, si kweli, na maneno hayo yamegharimu maisha ya watu. Moshi mjini ni mita 800 na ushei tu. Vijiji vya miteremkoni viko juu zaidi, lakini havifiki mwinuko ambao ungeandaa mwili kwa Barafu, ambayo iko zaidi ya mita 4,600. Unachopata kwa kupanda mara kwa mara ni mazoea ya muda. Ukikaa nyumbani wiki chache yanapotea, na safari inayofuata mwili unaanza karibu upya. Zaidi ya hapo, mpagazi hufika kambini kabla ya wageni akiwa na mzigo, jasho limemlowesha, akaanza kusimika mahema wakati baridi inaingia. Kujichosha na baridi ndivyo vinavyofungua mlango wa maji mapafuni. Mgeni akikohoa anapimwa oksijeni kwenye kidole. Mpagazi akikohoa anaambiwa ni vumbi.

Kwa hiyo maneno yangu mengine nayaelekeza kwa waongozaji na wenye kampuni. Wapagazi waulizwe kila asubuhi na kila jioni kama wanavyoulizwa wateja, wapimwe kwa kifaa kile kile, na wajibu wakiwa mbali na wenzao ili aibu isiwafunge midomo. Kikomo cha kilo 20 kiheshimiwe kwenye mizani ya getini na pia baada ya kuondoka getini, mizigo inapogawanywa upya. Anayeteremshwa kwa ugonjwa ateremke na mtu, alipwe siku zake zote za safari, na aitwe safari ijayo. Kumwondoa kwenye orodha ni kuwafundisha wagumu wote waliobaki kunyamaza, na mwongozaji atakuwa anapanda usiku na watu ambao hajui hali zao.

Kwako wewe: kichwa kikikuuma tena kiasi hicho, mwambie mpagazi mwenzako unayemwamini kabla hata ya kumwambia msaidizi wa mwongozaji, ili yupo anayekuangalia usiku. Ukianza kuhema ukiwa umekaa, au miguu ikikataa mstari, usingoje posho. Vaa kila ulicho nacho, mwamshe mwenzako, na mteremke kwa njia ya Mweka. Na kama kampuni unayoifanyia kazi haiwezi kukuelewa katika hilo, zipo kampuni Moshi na Arusha zinazofuata miongozo ya haki za wapagazi. Ulizia kwa wagumu wenzako ni zipi zinazolipa bila kumwogopesha mtu.

Swali: Mwaka jana niliteremshwa toka Kibo nikiwa natapika na siwezi kusimama vizuri. Nataka kurudi. Je, nitaugua tena? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Inawezekana sana, kama utarudi kwa kasi ile ile. Namna mtu alivyoitikia mwinuko huko nyuma ni kiashiria bora cha namna atakavyouitikia tena kuliko umri wake, jinsia yake au mazoezi yake. Ila kilichokupata si hukumu ya kudumu, kwa kuwa ratiba unaweza kuibadilisha.

Kwa mtu aliyefikia hatua ya kutoweza kusimama, sikushauri urudi kabla ya kuonana na daktari na kuzungumza naye kuhusu asetazolamidi. Mweleze mambo matatu kadiri unavyoyakumbuka: ulilala wapi kila usiku, dalili ya kwanza ilianza kambi gani, na ulichukua muda gani kupata nafuu ulipoteremka. Kama ulikuwa pia na kikohozi au ulihema ukiwa umeketi, litaje, kwa sababu waliowahi kupata maji mapafuni wana uwezekano mkubwa wa kuyapata tena na kinga yao ni tofauti.

Kisha chagua njia ndefu, Lemosho kwa siku nane au Machame kwa saba. Ukiweza, tangulia na Mlima Meru wiki ile ile: usiku wa Miriakamba, karibu mita 2,500, usiku wa Saddle, karibu 3,570, na kilele cha mita 4,566. Pumzika siku moja Arusha, ndipo uelekee Kilimanjaro. Na usiku wa kileleni mwombe mwongozaji akuulize maswali kila mnaposimama, kwa kuwa gizani, kila mtu akiwa amejifunika uso na taa zikimulika miguu, hakuna anayeweza kuona kama midomo yako imebadilika rangi.